Majani ya Kona ya Tatu

1

Nilimwendesha Injinia Projestus Kamuhanda kwa miezi kumi na moja bila kumfanya kitu, na hakuna siku hata moja katika miezi hiyo ambayo sikutamani kumfanya kitu. Nalisema mapema ili msije mkadhani yaliyotokea Mlima Nyembela yalinitoka kwa hasira za ghafla. Thubutu! Niliyapanga. Niliamka nayo, nikalala nayo, Jumapili nikaenda nayo kanisani na kuimba nayo kwaya.

Kazi niliiomba mwenyewe. Wakati huo madereva wa malori tulikuwa tumebaki wachache kwenye njia ya Tunduma, tukiendesha magari ya watu wenye gari moja au mawili. Mengine yote yalikuwa mabubu. Bubu ni lori lisilo na dereva. Shirika la Njia ya Anga, wenye magari hayo, liliyaita kwa jina lake refu la kitaalamu, ila sisi tuliyaita mabubu kwa sababu hayapigi honi, hayawashi taa kukusalimia, hayakuulizi huko utokako kukoje. Yanapita tu. Lakini gari la ukaguzi, lile la injinia, sheria ililitaka liwe na dereva mtu, maana huwa linatoka nje ya lami. Tangazo lilipotoka nikapeleka leseni yangu ya miaka ishirini na mitatu na jina langu la ndoa, Atuganile Kibona. Hakuna aliyeniuliza nilizaliwa ukoo gani. Wangeuliza wangeambiwa Mwasota, na kazi ningeisikia redioni.

"Shikamoo, mama Kibona. Umekunywa chai?" ndivyo alivyonisalimia asubuhi ya siku yenyewe pale Makambako, na mkononi ana maandazi mawili kwenye karatasi, moja langu.

"Marahaba. Nimekunywa, bosi."

Mtu wa miaka thelathini na sita, mwembamba, msafi, mpole. Hajawahi kunipandishia sauti. Mwanangu alipougua aliniruhusu siku nne na akapiga simu kuuliza hali. Ningependa sana angekuwa na kiburi, ingenirahisishia. Lile andazi nililila, na nikamwambia asante.

Tukashika barabara ya kuelekea Igawa. Mbele yangu palikuwa na kioo kinachoonyesha njia nzima, kutoka bandarini Dar hadi mpakani Tunduma, mstari mmoja wenye nukta zinazotembea. Kila nukta ni gari. Kila gari lina kitambulishi, kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na kila sekunde kinaiambia setilaiti: nipo hapa, naenda mwendo huu. Setilaiti sitini na nne zinapita juu yetu kwa zamu, zinakusanya hizo salamu, zinatengeneza picha ya barabara yote na kuirudisha chini kwa kila gari. Bubu halitazami barabara. Linatazama picha. Kamera linayo, ya mita tisini, ya kukwepa mbuzi. Kinachozidi hapo linaamini kilichosemwa na anga.

Mwezi wangu wa tatu nilimuuliza, kwa sauti ya mama mshamba anayeshangaa mambo, "Bosi, na gari lisilosema?"

Alikuwa anamenya chungwa. "Likinyamaza dakika mbili tunalifuta kwenye picha, mama. Chini ya mapaa ya vituo vya mafuta, gereji, kwenye vivuko, magari elfu mbili yananyamaza kila siku. Tukiyahesabu yote, hakuna bubu litakalosogea."

Tunalifuta. Akaniuliza kama nataka kipande cha chungwa.

Mdogo wangu Ambakisye alifutwa hivyo. Waya za lori lake ziliungua kwenye kona ya tatu ya Mlima Nyembela, betri ikafa, kitambulishi kikanyamaza. Dakika mbili zikapita. Kwa mujibu wa anga, lile lori la tani thelathini halikuwepo duniani. Yeye na fundi Lwitiko, aliyeshushwa na basi kuja kumsaidia, walikuwa chini ya injini wakati bubu liliposhuka na kuwagonga. Wote wawili tuliwazika kwa wiki moja, huyu Jumanne na yule Alhamisi.

Hilo ningelibeba. Wangapi wamekufa barabarani? Baba yetu mwenyewe alifia barabarani. Nilichoshindwa kukibeba ni mstari mmoja kwenye ripoti, wenye saini ya Kamuhanda chini yake: "Hakuna majani yaliyoonekana."

Mtu asiyekaa na madereva hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Dereva akiharibikiwa, kabla hajafungua boneti, kabla hajampigia tajiri wake, anakata matawi ya miti na kuyalaza barabarani nyuma ya gari. Hatua mia kwenye tambarare, mia tatu kwenye mteremko. Anayekuja akiona majani mabichi kwenye lami anajua mbele kuna mwenzake, anapunguza mwendo. Hatuna sheria nyingine tunayoiheshimu hivyo. Dereva asiyeweka majani kwetu ni muuaji, hapewi hata maji ya kunawa. Ripoti ilipotoka, wake wa madereva walimnyima salamu Sekela, mjane wa Ambakisye. Watoto wa Lwitiko walikuja hadi mlangoni kwake wakamwambia mumeo alimuua baba yetu kwa uvivu wa kukata matawi. Msibani kwetu, ambako kwa desturi malori huongozana na jeneza yakipiga honi hadi makaburini, walikuja madereva watatu, na hakuna aliyepiga honi.

Ambakisye asiweke majani! Mtu aliyekuwa anatembea na mapanga mawili, moja la akiba.

2

Saa tatu na nusu tulianza kushuka Nyembela. Basi la abiria la asubuhi lilikuwa limeshatupita, nililisubiri kwa makusudi lipite. Kwenye kioo, nyuma yetu, niliona nukta moja tu: bubu la saruji, tani arobaini, litafika kona ya tatu baada ya dakika kumi na nane. Baada yake, barabara tupu kwa nusu saa. Nilikuwa nimeisoma ratiba hiyo kwa wiki sita hadi nikaijua kuliko nyimbo za kwaya.

Kwenye kona ya tatu nikazima injini. Nikalisimamisha gari katikati kabisa ya njia ya kushukia, pale pale.

"Vipi tena, mama?"

"Limezima lenyewe, bosi. Nipishe niangalie."

Nilichomoa kitambulishi chini ya usukani; cha gari la ukaguzi kina betri yake ndani. Nikachukua na simu yake iliyokuwa inachajiwa pale mbele, maana simu zote milimani huku zinapata mtandao kupitia kitambulishi cha gari, minara ilishang'olewa zamani. Nikashuka, nikaenda nyuma. Huko nilikuwa na sufuria la bati zito lenye mfuniko wa kubana, nimelipaka lami pembeni. Nikavitia vyote ndani, nikafunika, nikakaza kwa mpira. Bati halipitishi wimbi. Hilo alinifundisha yeye.

Kisha nikasimama nje, ufunguo mkononi, yeye ndani. Mpango wangu ulikuwa kubonyeza kitufe milango ijifunge, nipande ukingoni nikae chini ya kichaka nisubiri. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga, na sitalipamba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Akashusha kioo, akatoa kichwa. "Mama, nije nikusaidie? Usibebe vitu vizito peke yako."

Shenzi! Kwa nini aliniuliza hivyo? Nilibaki na kidole changu hapo kama mwizi aliyekutwa. Nikaona Ambakisye hakupata mtu wa kumfungia mlango, alikuwa na panga mkononi na akafanya kila alichopaswa kufanya, na bado. Nikaona kifo cha mtu aliyefungiwa kwenye gari hakimfundishi kitu. Nilitaka huyu ashike panga.

"Shuka," nikamwambia. "Kata majani."

3

Alidhani naleta mazoea ya zamani. Alicheka kidogo, akavaa koti lake la njano linalong'aa, akapokea panga. "Mama Kibona bwana. Kitambulishi kinatosha, hata ukilala barabarani bubu litasimama mita mia tano huko juu."

"Kitambulishi kimo kwenye sufuria."

"Kwenye sufuria?"

"Limefunikwa. Dakika ya tatu hii. Umeshafutwa, Injinia."

Alinitazama, akalitazama gari, akaitazama kona ambayo nyuma yake barabara inapanda na kupotelea kwenye mwamba. "Mama, huu ni utani?"

"Nikutanie mimi? Wewe mjukuu wangu? Wewe shemeji yangu? Kata majani, bubu la saruji linakuja, limebakiza dakika kumi na tatu. Mimi ni Atuganile Mwasota. Ambakisye ni mdogo wangu, tumbo moja."

Panga lilishuka mkononi mwake polepole. Alisema, "Pole sana, mama," na nusura nimzabe kofi.

"Pole yako kaa nayo. Nakuuliza swali moja ambalo sijawahi kukuuliza miezi kumi na moja. Aliweka majani au hakuweka?"

"Ripoti ilisema—"

"Sikuulizi ripoti! Nakuuliza wewe uliyeitia saini."

Alikwenda pembeni akaanza kukata, na nilipomwona anavyokata, kwa mkono uliolegea, tawi moja mapigo sita, nilijua hajawahi kufanya kazi hiyo maishani. Nikachukua panga la pili nikakata naye. Tukayabeba kupanda juu, hatua mia tatu nilizihesabu kwa sauti, tukayalaza mafungu matano kwenye lami, mabichi, makubwa, kipofu angeyaona. Tuliporudi kwenye gari ndipo akasema, na alisema kwa uchungu, "Unajua kwa nini tuliacha kuyahesabu?"

Nikasimama. "Mliacha? Kwa hiyo kuna siku mlikuwa mnayahesabu?"

Akagundua limemponyoka. Lakini lilikuwa limeshatoka, na nadhani alikuwa amelikalia muda mrefu.

"Mwaka wa kwanza mabubu yalisimama kila yalipoona majani. Mimi ndiye niliyeyafundisha, nilikaa na madereva wiki tatu Chalinze nikijifunza. Nilijivunia sana hilo. Lakini ninyi mnaweka, hamwondoi! Mnatengeneza gari, mnawasha, mnaondoka, majani yanabaki siku tano, siku kumi. Bubu linakuta majani makavu, linasimama katikati ya barabara kusubiri gari ambalo limeshafika Zambia."

Hapo alisema kweli. Hatuondoi. Tuna imani yetu kwamba ukiokota majani yako mwenyewe umeuita ubovu mwingine, kwa hiyo unayaacha, magari yatayasaga. Hata Ambakisye hakuwa anaondoa. Hata mimi.

"Pale Igando," akaendelea, "bubu lilisimama kwenye majani ya namna hiyo, baada ya kona. Basi la abiria likaja nyuma. Watu wanne. Mmoja alikuwa mwalimu, anakwenda likizo. Tukarudisha picha za setilaiti nyuma siku moja moja hadi tukaliona gari lililoyaweka. Fuso jekundu, lilikufa klachi, likakaa pale kwa saa sita." Akanitazama. "Mmiliki, E. Kibona. Dereva, A. Kibona. Ulipoleta maombi ya kazi jina nililiona, nikajiambia Kibona wako wengi Mbeya."

Nikashika mlango wa gari. Klachi ya Igando, ya Fuso la mume wangu, naikumbuka. Nilikata matawi ya mkaratusi, mazuri, nikayapanga vizuri. Nilipomaliza kutengeneza nilinawa mikono, nikapanda, nikaondoka naimba. Ajali ya basi niliisikia nikiwa Kapiri Mposhi, Zambia, nikasema masikini, mabubu haya yatatumaliza.

Mtu mwingine angelia. Mimi hasira ilinipanda upya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Kwa hiyo unanipa mimi maiti wako?"

"Sikupi. Nakueleza."

"Ulijua ni mimi, ukaninyamazia? Si ungeniita! Ungenishitaki, ungenifunga, ungekuja nyumbani kwangu Uyole ukanipiga makofi mbele ya watoto wangu! Badala yake ukachukua majani ya madereva wote, wa njia nzima, ukayafanya takataka, na hukumwambia mtu. Ambakisye aliendelea kuyakata akidhani kuna mtu anayaona."

"Zilibaki siku tatu tufungue njia ya Kapiri," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuwafundisha madereva elfu sita kuokota matawi kungechukua miaka. Kuandika mstari mmoja kulichukua dakika. Niliandika: majani yasihesabiwe. Nilikusudia nikipata muda nirudi, niweke kitu bora zaidi."

"Ukapata muda?"

Kule juu, nyuma ya mwamba, tukasikia breki za hewa zikipumua. Bubu lilikuwa limeanza kushuka.

4

Sasa ningeweza kufungua sufuria. Nataka mjue hilo, kwa sababu nimeulizwa sana baadaye, na mara zote nimejibu kweli. Kitambulishi kikipata anga, kwa sekunde moja tungerudi kwenye picha na bubu lingesimama mbali, taratibu, kistaarabu kabisa. Na Kamuhanda angesema, unaona? Mfumo unafanya kazi. Angerudi ofisini na andazi lake. Ambakisye angebaki dereva asiyeweka majani hadi mwisho wa dunia.

Na nisipofungua, tulichotakiwa ni kupanda ukingoni tu na kuliacha gari likatwangwa. Nilidhani atapanda. Mtu yeyote mwenye akili angepanda.

"Toka barabarani," nikamwambia.

"Hapana. Tangu ajali ya mdogo wako tumebadilisha kamera. Sasa zinaona mita mia tatu. Litaliona gari. Litaniona mimi."

"Mmelijaribu kwenye mteremko huu? Likiwa na saruji?"

"Kwenye kompyuta."

"Projestus, toka!" Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwita jina.

Alikuwa ameshaanza kupanda. Alitembea juu kuelekea kwenye majani, koti la njano linawaka juani, akasimama katikati ya njia hatua kama ishirini juu ya gari, akanyoosha mkono mmoja mbele yake. Hakuwa anaigiza ushujaa. Ni kazi yake ya miaka kumi ile inayoshuka, na mimi nimemwambia haina macho, na yeye akaamua kuionyesha sura yake. Sikujua kwamba mtu msomi anaweza kuwa mjinga kiasi kile.

Nilisimama. Jamani, nilisimama. Nilikuwa nimepewa kila kitu nilichokiomba, na hata kumsukuma sikutakiwa kumsukuma. Nikajiambia mwache. Mwache ajue. Sekela alijua, mama yetu alijua, mwache naye ajue kwa sekunde moja. Bubu likatokeza kwenye kona, jeupe, safi, halina uso. Likafika kwenye fungu la kwanza la majani na likalipanda. Mwendo ule ule. La pili. La tatu. Matawi yakaruka pembeni.

Naye akayaona. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake, ila niliuona mkono. Ulishuka wenyewe, na miguu haikusogea. Woga ulimgandisha.

Mimi nina miaka hamsini na mmoja na magoti mabovu. Sijui nilikimbiaje. Najua nilimdaka nyuma ya koti, nikamvuta kwa uzito wangu wote, ambao si haba, tukaangukia kwenye mtaro wa mawe, yeye juu yangu, mkono wangu ukavunjika chini yake. Hapo ndipo bubu lilipofunga breki. Hapo! Lilikuwa limeshatupita. Likaburuza matairi, likaligonga gari la ukaguzi, likalisukuma hadi kwenye kingo za chuma na kulibana pale. Mifuko ikapasuka, saruji ikatufunika wote.

Kwa muda tulikohoa tu.

"Halikupunguza," akasema. "Mafungu matano. Mimi nimesimama. Halikupunguza."

"Ungekufa kwa mita tisini zako."

"Mia tatu," akasema, akaanza kulia. "Tulipima mia tatu."

5

Sufuria nililikuta kwenye nyasi pembeni, limebonyea, mfuniko bado umebana. Bubu lenyewe lilishaiambia anga kwamba limegonga, kwa hiyo huko nyuma kila kitu kilianza kusimama. Hatari ilikuwa imekwisha. Ningeweza kukaa chini nikasubiri polisi wa barabarani.

Lakini kitambulishi kina kitufe chekundu upande mmoja. Ukikibonyeza, sauti yako inapanda kwenye setilaiti na kushuka kwenye kila gari la njia nzima, mabubu na ya watu, na kwenye vituo vyote vya mizani, na inahifadhiwa mahali ambapo hata Shirika haliwezi kuifuta. Ni ya kutangaza ajali. Madereva wote waliobaki, popote walipo, husikia. Nikafungua sufuria kwa meno na mkono mmoja, nikabonyeza.

Sauti ya msichana wa kituo ikaja. "Kona ya tatu Nyembela, tunawasikia. Kuna majeruhi?"

Niliwaza nimtaje yeye kwanza. Niliwaza sana. Miezi kumi na moja nilikuwa nimemsubiri mtu huyu aingie mikononi mwangu. Lakini nilijua kabisa kwamba nikianza na yake, atakuja na ya Igando, na watu watasema mwanamke huyu alijificha nyuma ya kaburi la ndugu yake. Sikutaka kumwachia hata hilo.

"Hapa ni Atuganile," nikasema. "Dereva wa gari la ukaguzi. Mnaonijua mnanijua, wa Fuso jekundu. Hakuna aliyekufa. Gari nililisimamisha mimi, kitambulishi nilikifunika mimi, kwa makusudi, nije nimuue Injinia Kamuhanda. Andikeni. Na ile ajali ya Igando, ya basi, watu wanne. Majani yaliyolisimamisha bubu yalikuwa yangu. Niliyaweka, sikuyaondoa, nikaenda zangu. Nimelijua leo. Familia zao zikinitaka, nipo Uyole, nyuma ya kanisa."

Niliwaza madereva wakipunguza mwendo mmoja mmoja, Mikumi, Ilula, Chimala, wakiangalia redio zao. Wengine ni watu niliokula nao sahani moja. Nilijua nimejimaliza. Hakuna atakayenipa gari tena, na honi msibani kwangu hazitalia.

Nikamsogelea Kamuhanda. Alikuwa amekaa kwenye mtaro, mweupe kwa saruji kichwani hadi kiatuni, macho mekundu. Nikamwekea kitambulishi mdomoni.

"Yangu nimesema," nikamwambia. "Sema yako."

Alitikisa kichwa. "Mama, watanifunga."

"Na mimi watanifunga. Sema."

"Nina watoto."

"Ambakisye anao watatu. Wanafundishwa shuleni na watoto wenzao kwamba baba yao ni muuaji. Sikushikii panga, Injinia. Bubu limepita. Ukitaka nyamaza, wote wanakusikia unavyonyamaza."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, kinauma, na sikukitoa. Mkono uliovunjika ulianza kuvimba. Mara mbili alifungua mdomo, akaufunga. Sikumhurumia hata chembe, na sikumhimiza.

Kisha akasema. Hakunitazama, alikitazama kile kiboksi.

"Mimi ni Injinia Projestus Kamuhanda wa Shirika la Njia ya Anga. Ambakisye Mwasota aliweka majani. Mafungu manne, hatua mia tatu na ishirini. Kamera iliyaona, setilaiti ilipokea picha, sekunde kumi na tisa kabla. Zilitosha kusimama. Niliamuru majani yasihesabiwe, na baada ya ajali niliandika kwamba hayakuonekana. Picha ninazo."

Nilikuwa nimedhani nikiyasikia hayo nitapiga vigelegele. Sikupiga. Nilisikia kiu, na nilisikia chuki yangu ikiwa palepale, nzima, haijapungua hata tone. Mia tatu na ishirini. Mdogo wangu alitembea hatua ishirini za ziada, akiwa na mzigo wa matawi, kwa ajili ya mashine.

Kamuhanda akajifuta pua, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupata maji.

"Rudia," nikamwambia. "Jina lake taratibu. Kuna walio milimani, hawakusikia vizuri."